Muulize Sista: Mwanangu Anataka Kupakwa Pilipili kwa Ajili ya Utafiti

SWALI: Sista, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Migosi hapa Kisumu, na siku za Jumapili nauza nguo za mitumba Kibuye. Kifungua mimba wangu ana miaka 23 na yuko Leuven, Ubelgiji, anasomea uhandisi. Jumapili iliyopita alinipigia simu nikiwa bado nafunga mzigo, akaniambia kuna madaktari wanatafuta watu wasio na ugonjwa wowote. Watalazwa kitandani, watawekewa maji ya pilipili kwenye mkono, kisha mashine ya mwanga isome jinsi damu inavyokwenda chini ya ngozi. Watamlipa. Nilimuuliza, wewe huumwi, sasa wanapima nini? Akanijibu, “Mama, ndiyo maana wananitaka mimi.” Baba yake amekasirika, anasema hatukumpeleka Ulaya akauze mwili. Mama mkwe naye anauliza hiyo damu itapelekwa wapi. Nimwache au nimkataze?
Mama wa Kifungua Mimba, Migosi

JIBU: Mama mwenzangu, nianze na swali la mama mkwe, kwa sababu najua ndilo linalorudi kila jioni mkikaa. Kipimo chenyewe hakitoi damu. Hakuna sindano wala chupa. Mwanga unaingia kwenye ngozi kina cha milimita moja hivi, unarudi, na mashine inasoma ulivyorudi. Damu ya mjukuu wake inabaki ndani ya mjukuu wake. Kama utafiti huo una dawa ndani yake, hapo wanaweza kutoa damu kidogo ili kujua dawa imebaki kiasi gani mwilini, na hilo nitalifikia, kwa sababu ndilo lililonifanya nisilale mapema baada ya kusoma barua yako.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Mwaka 2004 nilikuwa Dundee, Uskoti, kwa kozi ya uuguzi. Mwanafunzi mmoja wa udaktari akawa anatafuta watu wasio na kisukari, wasio na presha, wasiovuta sigara. Nilikuwa na miaka 43 na afya yangu ilikuwa njema, nikajitolea. Siku ya kwanza walinirudisha. Nilikuwa nimekunywa chai asubuhi, na karatasi waliyonipa ilisema tusiguse chai wala kahawa tangu usiku, maana kafeini huichezea mishipa ya damu. Nilirudi keshokutwa bila kitu tumboni. Wakanilaza katika chumba cha nyuzi 23, wakaniacha nusu saa nzima bila kunigusa. Nilidhani wamenisahau. Kumbe kulala kule kulikuwa sehemu ya kazi. Nilikuwa nimetoka nje kwenye baridi, na ngozi ikipigwa na baridi hufunga mishipa yake ili joto lisipotee. Wangenipima papo hapo wangekuwa wamepima hali ya hewa ya Uskoti.

Ukitaka kuelewa kwa nini wanajali joto la chumba namna hiyo, fikiria mchana wa Februari hapa kwetu. Mtu akiwa ametulia mahali pasipo na joto wala baridi, ngozi yake yote hupitisha damu kama robo lita kwa dakika. Akiwa kwenye joto kali sana, kiasi hicho kinaweza kupanda hadi lita 6 au hata 8 kwa dakika. Hakuna sehemu nyingi za mwili zinazobadilika kwa kiwango hicho. Ngozi ndiyo dirisha tunalofungua na kufunga kila saa bila kujua, na ndiyo sababu watafiti wanaipenda: mabadiliko ya mishipa midogo yanaonekana hapo bila kumpasua mtu.

Basi wakanifunga mkanda wa presha kwenye mkono wa juu, wakaupandisha kupita presha yangu, wakauacha dakika tatu. Mkono ulikufa ganzi, na nakiri haikuwa raha. Kwenye skrini mstari wa mwendo wa damu ulishuka, lakini haukugusa sifuri. Nikamuuliza yule kijana, damu si imesimama? Akanieleza kwamba seli za damu zilizozuiwa bado zinatikisika pale zilipo, na leza, yaani ule mwanga wa mashine, inaona hata mtikisiko huo, kwa hiyo kila mtu ana sifuri yake ambayo si sifuri. Alipoachilia mkanda, damu ilirudi kwa kishindo. Mstari ukapanda mara kadhaa kuliko mwanzo, ukashuka taratibu. Nilikohoa mara moja tu na mstari ukaruka. Akaandika pembeni kwamba mshiriki alikohoa, saa fulani, dakika fulani. Nilimheshimu kwa hilo.

Kisha wakapasha joto kijisehemu cha ngozi kidogo kuliko sarafu, hadi nyuzi 42. Ndani ya dakika chache mstari ulipanda, ukashuka kidogo, halafu ukapanda tena na kukaa juu. Kupanda kwa kwanza kunaletwa na neva za ngozi. Kwa pili, kunakochukua kama nusu saa kutulia, kunaletwa zaidi na naitriki oksaidi, gesi ambayo kuta za mishipa yenyewe huitengeneza. Mgonjwa aliyekaa na kisukari miaka mingi, mara nyingi kupanda huko huwa hafifu. Kwa muuguzi aliyefunga vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari kwa miaka kumi na tano, kuona kwa macho yangu jinsi mshipa mzima unavyofanya kazi lilikuwa jambo kubwa. Nilikuwa nawajua walioharibika tu.

Hapo ndipo jibu la mwanao lilipo, Mama. Aliposema ndiyo maana wananitaka mimi, alisema kweli. Mgonjwa huja na ugonjwa wake, na dawa anazomeza, na usiku aliokosa usingizi. Ukimpima huwezi kujua kilichobadilika kimetoka wapi. Asiye mgonjwa ndiye rula. Fundi wa nguo hapo Kibuye hapimi kitambaa kwa utepe uliovutika.

Sasa mashine. Simama Kondele ambulensi ikipita mbio kwenda ile hospitali kuu tunayoiita Russia. Ikiwa inakuja, mlio ni mwembamba. Ikishakupita, unakuwa mzito, ingawa king'ora ni kilekile. Christian Doppler wa Austria alieleza jambo hilo mwaka 1842. Mwanga nao hufanya hivyo. Ukigonga seli ya damu inayokwenda, unarudi ukiwa umebadilika kidogo mno, na kadiri seli zilivyo nyingi na zinavyokimbia, ndivyo mabadiliko yanavyoongezeka. Mwaka 1975 mtafiti Michael Stern alionyesha kwamba leza inaweza kuisoma damu ya ngozi kwa njia hii.

Lakini mashine haikwambii ni mililita ngapi. Inakupa namba isiyo na lita wala gramu, ambayo maana yake ni wingi wa seli ukichanganywa na kasi yake. Kaa Dunga asubuhi utazame magugu maji yakipita. Utasema leo ziwa linakwenda kwa nguvu kuliko jana, na utakuwa sahihi, lakini hutaweza kusema maji yaliyopita ni mapipa mangapi. Ndiyo maana wanaipima ngozi ileile kabla na baada, tena na tena, wala hawachukui namba ya mwanao wakailinganisha na ya jirani yake wakatoa hukumu.

Na pilipili? Ukali wa pilipili unatokana na kitu kiitwacho kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake kule San Francisco waliutambua mlango ulio kwenye neva ambao kapsaisini huufungua. Ni mlango uleule unaofunguka ngozi ikikutana na joto la nyuzi 43 hivi na kuendelea. Kwa hiyo tunaposema pilipili inaunguza, neva inakubaliana nasi, kwake pilipili na moto ni habari moja. Kazi hiyo ilimpa Julius tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Mlango ukifunguka, ncha za neva humwaga protini ndogo ambayo wataalamu huiita kwa herufi nne, CGRP, nayo huitanua mishipa midogo ya damu. Ngozi inapata joto, damu inaongezeka, mashine inaona.

Protini hiyohiyo humwagwa kichwani wakati wa kipandauso. Nadhani sasa unaona walikokuwa wakielekea. Watafiti wa Leuven wenyewe ni miongoni mwa waliotengeneza njia hii: pete ndogo za mpira kwenye upande wa ndani wa mkono, tone la mikrolita 20 la kapsaisini ndani ya pete moja, tone lisilo na kapsaisini ndani ya nyingine, kisha mashine inapitisha leza juu yake kila baada ya dakika kadhaa kwa nusu saa au zaidi kidogo. Mtu akishapewa dawa inayozuia CGRP, damu haipandi kama ilivyopanda kabla. Hapo wanajua dawa imefika ilikotakiwa, na kwa dozi gani, bila kumngoja mgonjwa apatwe na kichwa. Dawa ya sindano ya erenumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kuzuia kipandauso, ilijaribiwa kwa pilipili hii kwenye mikono ya watu wasio wagonjwa. Ila jambo moja lisichanganywe: kuzuia damu isipande mkononi si sawa na kuponya kichwa. Hilo lilihitaji wagonjwa wenyewe baadaye.

Nimefika kwenye lile nililokuahidi. Mpigie mwanao umuulize swali hili kabla ya mengine yote: ni pilipili na mashine tu, au kuna dawa utakayomeza au kudungwa?

Kama ni pilipili na mashine, wakijaribu tu kama kipimo kinatoa jibu lilelile leo na wiki ijayo, nisingemkataza. Atasikia kuwashwa na moto kidogo pale mkononi, na utapita.

Kama kuna dawa mpya, hasa ile ambayo haijawahi kuingia mwilini mwa binadamu, hilo ni jambo jingine kabisa na anatakiwa akae nalo siku kadhaa. Sitaki kukutisha, lakini sitakuficha pia. Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park, London, vijana sita wazima walidungwa dawa iliyoitwa TGN1412. Wote sita waliishia chumba cha wagonjwa mahututi siku hiyo. Waliokoka. Januari 2016 huko Rennes, Ufaransa, dawa nyingine ya majaribio ilimuua mtu mmoja aliyeingia akiwa mzima, na wenzake watano wakalazwa. Baada ya matukio hayo kanuni za Ulaya zilikazwa, juu ya dozi ya kwanza na juu ya kungoja kati ya mtu mmoja na mwingine. Tafiti nyingi za namna hii huisha bila dhara. Mimi bado nasema kijana wa miaka 23 anastahili kusimuliwa habari za Northwick Park na Rennes kabla ya kutia sahihi, na mtafiti atakayekasirika akiulizwa habari hizo asipewe mkono.

Watampa karatasi ndefu. Aisome yote, hata kama ni kurasa kumi na tano, na alipo neno asilolielewa aulize. Ndani yake lazima pawe na kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti, na bima. Sheria ya Ubelgiji inamfanya mdhamini wa utafiti awajibike kwa madhara yanayotokana nao hata kama hakuna aliyekosea. Na pawe pameandikwa kwamba anaweza kuondoka wakati wowote bila kutoa sababu. Hata akiwa amelala kitandani na pete ziko mkononi, akisema basi, ni basi. Nilipokuwa nafanya kazi ya utafiti hapa nyumbani niliwaona watu wazima na akili zao wakivumilia kitu wasichokitaka kwa sababu tu walishatia sahihi na waliona haya. Sahihi ile haimfungi mtu.

Nije kwa mzee wa nyumba. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba hofu yake ina historia. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zilizaliwa kwa sababu madaktari walifanya majaribio kwa wafungwa wasioulizwa, na sentensi ya kwanza kabisa ya kanuni hizo inahusu ridhaa ya mtu mwenyewe. Azimio la Helsinki likafuata mwaka 1964. Lilipopitiwa upya mwaka 2024, hata jina walilokuwa wakiitwa wanaopimwa lilibadilishwa, sasa wanaitwa washiriki. Fedha wanazolipwa ni za muda wao, nauli, na usumbufu. Mtu anayelala nusu siku na pilipili mkononi asilipwe kitu? Mimi naona ni haki yake.

Lakini baba yake amenifanya nifikirie jambo ambalo kijana hakulisema kwenye simu. Muulize kwanza kama ana chakula. Muulize kodi ya chumba imelipwa mpaka lini. Kama anakwenda kwa sababu mfuko umetoboka, fedha zitamsukuma kuficha mambo. Ataficha pumu ya utotoni. Ataficha kwamba mwezi uliopita alikuwa kwenye utafiti mwingine, au kwamba yeye mwenyewe huumwa kichwa cha upande mmoja. Hapo rula inakuwa imepinda, na anayeumia kwanza ni yeye. Akienda akiwa ameshiba, akajibu kila swali kwa ukweli, atakuwa amefanya kitu cha heshima kwa watu wenye kipandauso ambao hatawaona. Kumkataza, Mama, huwezi. Ana miaka 23. Kumuuliza maswali unaweza, na nadhani ndicho alichokupigia simu akitafuta.

SWALI: Sista, mimi ni mwanafunzi wa udaktari, Maseno. Vitabu vyetu vinasema tutafute wekundu wa ngozi: kwenye mzio, kwenye maambukizi, kwenye kidonda cha kulalia. Nikienda wodini sioni wekundu wowote kwa wagonjwa wetu. Halafu nikasoma kwamba kile kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni hukosea zaidi kwa watu weusi. Je, hizi mashine za kupima damu ya ngozi zinatuona, au nazo zilitengenezwa bila sisi?
Mwanafunzi, Maseno

JIBU: Mwanangu, ulichouliza nimekibeba tangu mwaka 1991. Nilikuwa muuguzi kijana, zamu ya usiku, katika wodi ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mzee mvuvi aliyepooza upande mmoja. Nilikuwa nimefundishwa: mgeuze kila saa mbili, angalia wekundu usiopotea ukibonyeza. Nilimgeuza. Nilimulika kwa tochi kila usiku, nikaandika kwenye faili, hakuna wekundu. Usiku wa tisa ngozi ya juu ya mfupa wa kiuno ilifunguka mkononi mwangu wakati namgeuza. Chini yake palikuwa pameshaharibika. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba kwenye ngozi kama yake nitumie mgongo wa mkono wangu: nitafute joto lisilo la kawaida, au baridi, nibonyeze nione kama nyama imekuwa ngumu au laini kuliko pembeni, nimuulize kama panamuuma, niangalie weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Yule mzee alikaa na kidonda kile miezi minne. Ukitoka wodini leo, fanya hivyo kwa mgonjwa mmoja, uone mkono unavyojua.

Wekundu upo kwetu pia, mwanangu, isipokuwa rangi ya juu inauficha. Daktari Thomas Lewis wa London mwaka 1927 alieleza kinachotokea ukikwaruza ngozi kwa nguvu: kwanza mstari mwekundu, kisha wekundu unaosambaa pembeni, kisha uvimbe. Huo unaosambaa huletwa na neva, kwa njia ileile ya pilipili niliyomweleza mama wa Migosi hapo juu. Jikwaruze mkono sasa. Uvimbe utauona na utausikia kwa kidole. Wekundu unaosambaa pengine hutauona kabisa, na mkono wako utakuwa umefanya kila alichokieleza Lewis. Hapo ndipo mashine ina faida kubwa kwetu kuliko kwa mtu mweupe, ambaye daktari angeweza kumtazama tu.

Je, inatuona? Inategemea rangi ya mwanga wake. Melanini hunywa sana mwanga wa rangi za samawati na kijani, hunywa kiasi mwanga mwekundu, na hunywa kidogo kuliko hapo ule ulio ng'ambo ya wekundu ambao jicho halioni. Leza za zamani nyingi zilikuwa nyekundu, nanomita 633. Nyingi za sasa ziko karibu na nanomita 780, na huko ngozi nyeusi inapitisha mwanga vizuri zaidi. Tena, kama nilivyosema, namba ya mtu hulinganishwa na namba yake mwenyewe ya kabla, kwa hiyo mwanga ulionyweka kabla umenyweka na baada.

Hata hivyo usitulie. Kibanio cha oksijeni nacho hutumia mwanga mwekundu na ule wa ng'ambo, na watu walikiamini miaka mingi. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walichapisha hesabu hizi: kati ya vipimo ambavyo kibanio kilionyesha oksijeni ni asilimia 92 hadi 96, damu ya mshipa wenyewe ilikuwa chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vile vya wagonjwa weupe. Ni zaidi ya mara tatu. Mashine haikuwa na nia mbaya, ila walioisawazisha walitumia vidole ambavyo vingi havikuwa kama vyako na vyangu.

Kwa hiyo yule kijana wa Migosi aliyeko Leuven, kama atalala kwenye kitanda kile, atakuwa anaweka ngozi yake kwenye rula. Na wewe utakapokuwa daktari, usingoje mashine zote ziletwe na wengine zikiwa tayari. Hapa Kisumu tuna watafiti, tuna kamati za maadili, tuna watu wanaojua utafiti ni nini. Eneo hili limeshiriki tafiti za malaria kwa miongo mingi, na Septemba 2019 chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwetu hapo Homa Bay. Ngozi za kupima tunazo. Uliza swali lako mbele ya mwalimu wako, kwa sauti, darasani.

SWALI: Sista, mimi huumwa kichwa upande mmoja mpaka natapika, na mwanga unaniumiza. Jirani ameniambia nipondeponde pilipili nipake kwenye paji la uso, kwamba hata Wazungu wanafanya hivyo hospitalini. Ni kweli?
Mkulima wa mpunga, Ahero

JIBU: Hapana, dada yangu, usipake. Barua yako iliingia wiki moja na ya mama wa Migosi, na naona habari imefika Ahero ikiwa imegeuka njiani. Kwenye utafiti pilipili inawekwa mkononi, tone moja lililopimwa, ili kuamsha kitu ambacho dawa inajaribu kukizuia. Pilipili yenyewe hapo si tiba. Ukiipaka kwenye paji la uso, ukatoka jasho kwenye jaruba, itashuka machoni.

Kama umeshapaka, usikimbilie maji peke yake, kapsaisini haiyeyuki humo. Pangusa kwa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni, na usijiguse macho.

Unavyoeleza ni kama kipandauso, na kina dawa zake. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika siku kichwa kilipoanza, saa ngapi, ulikula nini, ulilala vipi, hedhi iko wapi, na kila kidonge ulichomeza. Hicho cha mwisho usikiruke: mtu akimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, miezi ikifuatana, dawa zenyewe huanza kuleta kichwa. Mwezi ukiisha nenda kliniki na daftari hilo. Lakini kichwa kikija ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuipata, au mkono ukalegea, au maneno yakakupotea, au ukapata homa na shingo ikakakamaa, au ukiwa mjamzito, acha daftari nyumbani uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.